Theluji ya Mwaka Ule

Mabomba yalipoganda, fundi lipu alijaza karai theluji ya barabarani, akaliweka juu ya jiko la mkaa, akangoja iyeyuke. Lipu na baridi hazipatani. Ukiikoroga kwa maji ya barafu inaganda kabla ya kushika, na jua likichomoza tu inabanduka yote kama gamba la nyoka. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wakipasha maji, wakikoroga, wakipiga ukuta mbiombio, huku mwenye jengo akipita na koti lake la manyoya akiuliza kama wamekuja kujenga au kupika uji.

Jengo lilikuwa kuukuu, katikati ya mji, lenye madirisha marefu na ngazi iliyolalamika kila ikikanyagwa. Mwenye jengo alikuwa ameamua kuligeuza mkahawa. Fundi aliposikia mafundi wanatafutwa, alikwenda bila kuitwa na kukubali masharti yote bila kubisha. Hakumwambia mtu kwamba katika chumba kilekile cha chini walichokuwa wakikipiga lipu mama yake alipiga pasi nguo za watu miaka nenda miaka rudi. Wala hakusema kwamba mama alipokataa kuhama, mwenye jengo alituma watu wang'oe mlango katikati ya msimu wa baridi, wakaondoka nao yeye akiwa ndani. Mama hakuhama. Aliendelea kupiga pasi, upepo ukiingia na kutoka kama ndio mpangaji, mpaka kifua kikamshinda. Kisasi fundi alikuwa nacho tumboni. Alichokosa ni njia ya kukitoa.

Alasiri mama alikuja. Alikung'uta theluji mabegani, akaweka ndoo yake chini, akaketi juu ya mfuko wa saruji. Alivaa sweta lilelile alilozikwa nalo.

"Shikamoo, mama," alisema fundi wa rangi, ambaye wote walimwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake. Akasogeza ngazi asije akamdondoshea rangi.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo rangi ndiyo nini, matapishi?"

"Bosi anasema ni kahawa ya maziwa."

"Basi maziwa yamechacha."

Kasuku alicheka hadi brashi ikamponyoka. Mama naye alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kilekile cha mwaka ule, kirefu, chenye mluzi mwishoni. Fundi aliteremka jukwaani.

"Mama, sema wewe. Nimfanye nini mtu huyu?"

"Usimguse. Damu yake nitaifanyia nini? Nataka aseme tu. Mbele za watu, aseme aling'oa mlango mimi nikiwa ndani."

"Na asiposema?"

Mama alimsogezea ndoo kwa mguu. Ilijaa theluji iliyoshindiliwa, yenye weusi wa masizi ya makaa ya pasi. "Hii ni ya mwaka ule. Ile iliyoniingilia ndani. Niliizoa, nikaiweka."

Theluji ile ilikuwa ngumu kuyeyuka. Ilikula mkaa wote wa siku, na fundi akalazimika kuchoma vipande vya mbao. Ilipokuwa maji, aliikorogea lipu, akapiga dari lote, kona kwa kona, akalisawazisha kwa mwiko mpaka likang'aa kama yai.

"Ndugu yangu, dari unalibembeleza hivyo, nyumbani mkeo anasemaje?" Kasuku aliuliza.

"Nyamaza upake matapishi yako."

Kaunta ililetwa siku moja kabla ya ufunguzi. Wabebaji walipoifunua, fundi aliona alama ya pasi iliyoungua kwenye ubao, na matundu ya bawaba yaliyozibwa kwa nta. Alama ile aliiacha mwenyewe utotoni, alipoegemeza pasi ya moto kwenye mlango wa mama, akachapwa.

"Mbao za kale hizi," alisema mwenye jengo, akiipapasa kaunta kama farasi. "Watu siku hizi wanapenda kitu chenye historia."

"Zimetoka wapi, bosi?"

"Zilikuwa stoo tu, zimelala."

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Mwenye jengo aliposimama kuwakaribisha, theluji ilianza kudondoka kutoka darini. Ilimwangukia yeye peke yake. Alisogea kwenye kaunta, ikasogea naye. Alijipangusa mabega, akaagiza mwavuli, akaendelea kuwashukuru wageni. Mwanamke mmoja aliuliza kama onyesho lile ni la kila siku.

Fundi alisimama kutoka meza ya nyuma. "Bosi, chumba hiki kilikuwa na mlango wa mbao. Ulikwenda wapi?"

Watu waligeuka. Mwenye jengo alitazama dari, akatazama kaunta ambayo kiganja chake kilikuwa juu yake, akatazama viatu vyake vinavyozama.

"Mlango? Hapa palikuwa wazi tangu zamani."

Theluji ilizidi. Yeye alikohoa, kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni, akaomba muziki uongezwe.

Tangu hapo wateja walipanga foleni hadi barabarani. Wengine walileta watoto wamwone. Ndevu zake ziliganda, vidole vikawa vya buluu, daktari akamwandikia joto. Nyumbani blanketi tatu hazikumfaa kitu. Alimwita fundi mkahawani na kumwomba ampigie dari kama lile kwenye jengo lake la pili.

"Theluji hiyo ni ndoo moja tu," fundi alimjibu, "na yote ni ya kwako. Sema ulichofanya, huenda ikakoma."

"Ikome? Kijana, hujui biashara wewe."

Wakati huohuo mama aliingia, akavuta kiti karibu na dirisha, akakunja mikono mapajani. Mwenye jengo alimtupia jicho kati ya kikohozi na kikohozi. Hakumkumbuka, au alimkumbuka vizuri.

"Mhudumu! Yule mama haagizi kitu. Viti ni vya wateja. Mtoe nje."

Mhudumu aliona haya, lakini alikwenda. Mama aliinuka kabla hajaguswa. Fundi alimpa mkono, wakapita katikati ya meza, na watu wakavuta viti kuwapisha huku macho yakiwa kwenye vikombe.

"Na mfunge huo mlango," mwenye jengo aliita nyuma yao, meno yakigongana. "Baridi inaingia."

Fundi aliufunga kutoka nje, akauvuta mpaka ukalia. Kupitia kioo walimwona theluji imemfika magotini. Alikuwa akiomba koleo, na wateja wakimpigia makofi.

"Hajasema," alisema mama.

"Hatasema. Lakini hataota moto tena mpaka kaburini."

Mama aliwaza kidogo, akafunga kifungo cha juu cha sweta. "Hata huko," alisema, "mimi nimetangulia."