Kiti cha Mgeni Kutoka Juu

Kuku wangu anaatamia juu ya kiti ambacho watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakikiinamia. Mto wake mwekundu umechujuka, pamba imetoka pembeni kama ulimi wa mbwa aliyechoka, lakini mikono yake ya mbao bado inang'aa pale wakubwa wa enzi zile walipokuwa wakipumzisha viganja. Mke wangu kila akifagia husema, "Baba watoto, kitoe hiki kiti tupikie." Nami humjibu kwamba kiti hiki kimewahi kuendesha serikali. Hanibishii. Anajua kwamba hapo sidanganyi sana.

Nilikuwa mhudumu wa ofisi ya halmashauri yetu, huko mashambani ambako lami huishia njiani kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani akageuza. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha, kupanga viti, kuchemsha chai na kupiga kengele ya kikao. Shule niliiona kupitia dirishani tu. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana hadi leo habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Mwisho wake uliondoka na sukari ya mteja mwingine. Ikanibidi nizimalizie mwenyewe. Watu wakaniita Gazeti.

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu, viti vya mbao vinavyobana makalio, na pale kichwani mwa meza, kiti hiki. Kilikuwa cha mgeni kutoka juu. Zamani hapakuwa na kikao bila yeye. Angefika asubuhi, angefika alasiri, madiwani wangemngoja. Akifika anasema daraja hapana, choo cha soko ndiyo. Wanapiga makofi, wanakunywa chai, wanarudi makwao. Hakuna aliyelaumiwa kwa sababu hakuna aliyeamua. Ilikuwa raha ya aina yake, siwezi kukataa.

Halafu sheria ikabadilika. Redio ikatangaza kwamba madaraka yameshushwa chini kwa wananchi: fungu la maendeleo litaletwa kwenu, mtaamua wenyewe. Barabara ikaacha kuleta magari ya wageni. Ikaleta kigari kimoja tu, na ndani yake dada mmoja mwembamba mwenye kalamu nene za rangi, aliyetumwa kuwajengea madiwani uwezo. Fundi mwashi wa halmashauri, kusikia neno kujenga, akafika na kamba na pima maji kuuliza msingi uchimbwe wapi. Mke wangu anasema hilo nimelitunga. Kamba ninayo.

Tulimwita Dada Kalamu. Alibandika makaratasi ukutani mpaka mijusi wakahama. Akafundisha ajenda, akidi, hoja na kura. Madiwani walinakili, wakakariri, wakaulizana maswali na kucheka kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Ila ilipofika siku ya kikao chenyewe, mwenyekiti akaketi mahali pake pa zamani, pembeni ya kiti kile, akakitazama. Alikuwa mfuga nyuki, mtu nadhifu, kisogo kimechongwa mstari, mwendo wake wa taratibu kama mtu anayepita karibu na mzinga.

"Tungoje kidogo," akasema.

Wakangoja. Chai ikaisha, jua likahama dirisha, kikao kikaahirishwa. Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Dada Kalamu akaagiza nikitoe kiti nje. Nikakitoa. Pale kilipokuwa pakabaki alama nne nyeupe kwenye sakafu, na madiwani wote wakakaa wakizitazama zile alama.

"Afadhali kiti," diwani mmoja akanong'ona. "Kiti angalau kina sura."

Jioni ile, akikunja makaratasi yake, Dada Kalamu aliniambia, "Baba, uwezo wanao. Nimewasikia hapo nje wakibishana, utadhani bunge. Wakiingia humu wanakuwa watoto."

"Hapo nje hakuna kiti, dada."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Kesho yake akaondoka kwenda halmashauri nyingine, akiahidi kurudi baada ya mvua kubwa.

Mvua yenyewe ndiyo niliyokuwa nikiiogopa. Kati yetu na zahanati kuna mto, na daraja la magogo lilikuwa limezolewa na maji mwaka uliopita. Mke wa mshona viatu alishikwa na uchungu mto ukiwa umejaa. Walimketisha ukingoni, ng'ambo wanaiona taa ya zahanati, na mto unapita katikati ukinguruma. Mtoto alizaliwa palepale kwenye matope. Hakulia. Sasa binti yangu, kifungua mimba wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kila tulivyohesabu na mama yake, hesabu ilituangusha kwenye mvua. Fungu la kujenga daraja lilikuwepo. Mafundi walikuwepo. Ilikosekana sauti moja ya kusema haya, anzeni.

Mke wangu aliposikia kikao kimeahirishwa tena, aliiweka sufuria chini taratibu mno. Nikajua nimekwisha.

"Mume wangu, uongo wako unajaza ghala. Uliwaambia watu uliwahi kumuuzia chura viatu, na wakaja kuuliza bei. Hivi huo uongo hautatufaa hata siku moja?"

Asubuhi nikaenda kwa kaka yake.

Shemeji yangu alikuwa kinyozi kwenye mji mdogo wa soko, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Mungu alimpa umbo la waziri na sauti ya kifaranga. Kipara kinachong'aa, tumbo la kutangulia mlangoni, suti ya kijivu aliyoachiwa na mteja. Akinyamaza, watu humwamkia kwa mikono miwili. Akisema tu "karibu", wanatafuta kifaranga kiko wapi. Wa kwetu hawakumjua. Walinyolewa na wake zao, tena kwa wembe mmoja kijiji kizima.

"Shemeji," nikamwambia, "nimekuja kukupandisha cheo."

"Mshahara?"

"Chai, na watu kusimama ukiingia."

Akafikiri, mkasi hewani. "Na nikiulizwa neno?"

"Kohoa. Ukibanwa zaidi, tazama saa. Mengine yote, itikia kwa kichwa."

"Saa yangu ilikufa zamani."

"Wakubwa hawatazami saa ili wajue ni saa ngapi, shemeji."

"Na nikifungwa?"

"Dada yako atakuletea chakula."

"Kile anachopika?" Akautua mkasi. "Basi bora nisikamatwe."

Siku ya kikao nilikirudisha kiti mahali pake, nikakipangusa, nikafungua mlango na kusema maneno mawili tu: "Mgeni amefika." Naomba ieleweke. Alikuwa mgeni, na alifika. Katika maisha yangu yote sijawahi kusema kweli tupu namna ile.

Ukumbi mzima ulisimama. Mwenyekiti akavua kofia yake pana ya kurinia asali, akamtazama shemeji kwa muda, nikadhani ni heshima. Shemeji akakaa. Kiti kikalia. Akakohoa. Na hapo, ndugu zangu, nikaona jambo ambalo makaratasi ya rangi hayakuweza: mwenyekiti akafungua kikao.

Diwani seremala ndiye aliyeanza. Alitaka fungu lizungushie ofisi uzio wa mbao, mbao ambazo, kwa bahati nzuri, alikuwa nazo. Alisema akimtazama mgeni tu. Mgeni akaitikia kwa kichwa. Seremala akakaa, ameshinda. Akasimama diwani mkunga, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu shambani, akasema habari ya daraja. Mgeni akaitikia kwa kichwa. Akasimama wa tatu na hoja ya pikipiki ya ofisi. Mgeni akaitikia. Wa nne akataka uzio na pikipiki lakini si daraja, na shemeji yangu, Mungu amrehemu, akaitikia kwa moyo mkunjufu kuliko wote.

Wakatazamana.

"Mimi amenikubalia," seremala akasema.

"Hata mimi!"

"Huyu anamkubalia kila mtu!"

"Mheshimiwa," seremala akainuka, uso umeanza kumbadilika, "tunaomba basi neno lako. Moja tu. Uzio au daraja?"

Shemeji akakohoa. Akatazama saa. Seremala bado amesimama. Akakohoa tena, jasho likamchuruzika kwenye kipara, na nikaona midomo yake inaanza kufunguka. Nikainua birika nimwahi na chai. Kile kifaranga kikitoka tu, daraja limekwenda na maji kabla halijajengwa, na mimi nyuma yake.

Mwenyekiti akagonga meza. "Mgeni ametoka mbali na amechoka. Mwacheni asikilize. Ninyi, tazamaneni ninyi kwa ninyi."

Mkunga akakigeuza kiti chake. Sauti ya miguu ya kile kiti ikikwaruza sakafu naisikia hadi leo. Akampa mgeni mgongo, akamkazia macho seremala.

"Haya, kaka yangu. Mimi ndiye niliyempokea mtoto wa mshona viatu pale matopeni, na nikamfunika kwa kanga yangu. Niambie mimi, usimwambie huyu mzee. Uzio wako unazuia nini kisiingie humu?"

Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Viti vikageuka kimoja kimoja, wakagombana, wakakumbushana akidi, mmoja akakimbilia karatasi la ukutani kuthibitisha hoja hupigiwa kura namna gani. Walipoinua mikono, daraja likapita. Mkono wa seremala ulipanda wa mwisho, umekunjwa kiwiko kama unaona haya, lakini ulipanda. Hakuna aliyemtazama mgeni. Alikuwa amesinzia.

Wiki ile ile mafundi wakaingia mtoni. Dada Kalamu aliporudi, mvua ikiwa bado inadondoka makutini, alisimama juu ya daraja akarukaruka kulijaribu kama mtoto. Siku chache kabla, nilipita hapo na binti yangu, yeye mbele na mama yake, mimi nyuma na mwavuli usiomfunika mtu, mto ukipiga kelele chini ya miguu yetu kama mtu aliyenyimwa. Mjukuu wangu alilia kwa sauti hiyo, wanasema hadi ng'ambo ya pili ilisikika. Mimi nasema ilisikika makao makuu.

Na kikao kilichofuata? Nilimsihi shemeji aje tena; akataka kwanza gari na dereva. Basi nikakipangusa kiti kikiwa kitupu, nikangoja balaa. Mwenyekiti akaingia, akakitazama kama kawaida yake. Akavua kofia, akaiweka juu ya ule mto mwekundu, akasema, "Ajenda ya kwanza." Baada ya hapo kikawa kiti cha kofia, kisha cha miavuli iliyolowa, kisha nilipostaafu wakanipa mimi.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara mgeni huwa mnene zaidi na madiwani wajinga zaidi. Nilijiona bingwa. Mpaka mwaka juzi, tulipomzika shemeji.

Mwenyekiti alikuja, mzee sasa, kofia ileile mkononi, fimbo mkono mwingine. Tukaketi kwenye benchi la wafiwa, watu wakipita na kutupa pole.

"Alikuwa na mkono mwepesi sana," akasema baadaye.

"Nani?"

"Shemeji yako. Nikipeleka asali sokoni kila mwezi, lazima nipite kwake. Miaka mingi." Akajipapasa kisogo, polepole. "Hakuna aliyewahi kunichonga hapa kama yeye."

Nilihisi benchi limezama.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Tangu mlangoni. Ile poda yake ilimtangulia."

"Na hukusema kitu!"

Alitazama mbele, kule ambako vijana walikuwa wakipanga viti vya wageni kwa duara.

"Ningesemaje?" akasema. "Walikuwa wameshaanza kuzungumza."

Mimi, Gazeti, ambaye sijawahi kukosa mwisho wa habari, nikakohoa. Nikatazama kifundo cha mkono ambacho hakina saa. Kisha nikaitikia kwa kichwa.