Mkia wa Sato

Fundi Nurudin alikuwa na jibu moja kwa kila mteja aliyethubutu kusema lolote juu ya kazi yake: "Wewe uza unachouza, kuchora niachie mimi." Alilitoa bila kugeuka, brashi mkononi, na kwa miaka thelathini na mbili ya kuchora mabango pale Igogo, Mwanza, hakuna aliyembishia. Sasa wateja wenyewe walikuwa wamepukutika. Mji mzima ulikuwa umejaa mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, yenye kuku wa kizungu na watu wanaocheka bila sababu, na fundi alipita chini yake akisonya.

Ndiyo maana aliposikia habari za ukuta, alijipeleka mwenyewe. Bi Ishrat, ambaye ukoo wake umeuza rangi mjini tangu enzi za babu yake, alikuwa amejitolea kugharimia mchoro kwenye ukuta wa banda jipya la samaki, kando ya ziwa. Mita kumi na nne za saruji! Hakuna mashine ya kuuchapa ukuta ule, wala upepo wa kuuchana. Nurudin aliutaka kuliko kitu chochote alichowahi kutaka tangu alipomposa mkewe. Alikuwa na miaka hamsini na minane, jicho la kushoto limeanza kuingia ukungu, na alijua hakutakuwa na ukuta mwingine wa kubaki na jina lake.

Lakini Bi Ishrat alikuwa na masharti. Wachoraji watatu walioomba kazi wangetembea naye siku tatu, hapa na pale, kutafuta msukumo. Kisha kila mmoja angeleta mchoro wake kwenye ubao, na wanawake watakaouza samaki chini ya ukuta ule ndio wangechagua.

"Mimi nimezaliwa Igogo, Bi Ishrat," Nurudin alisema. "Utanionyesha nini ambacho sijakiona?"

"Sijui, fundi. Tutaona tukifika."

Fundi akabenua mdomo. Mtu anayeongoza safari bila kujua anachokwenda kuona, kwake huyo hakuwa na tofauti na kipofu anayeuza miwani.

Siku ya kwanza walipelekwa kwenye Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani. Nurudin aliketi akiyapa mgongo maji na kuwatazama wenzake kuanzia unyayo hadi utosi. Wa kwanza alikuwa Khalidi, kijana wa miwani myeusi aliyejiita msanii wa kimataifa kwa sababu mtalii mmoja aliwahi kununua picha yake. Alilipiga jiwe lile picha zisizo na idadi, na karibu zote yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake. Wa pili alikuwa Teodora, binti mwembamba wa Usagara, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kandambili, daftari na penseli iliyotafunwa mwisho.

"Shikamoo, fundi," Teodora alimwamkia.

"Marahaba. Hiyo penseli ni ya useremala?"

"Ya kuchorea, fundi."

"Mchoraji hushika brashi, binti yangu. Penseli ni ya mtu asiyejiamini."

Teodora akatabasamu, akarudi kwenye daftari lake. Nurudin akauchukua ukimya ule kuwa ni ujinga, maana alikuwa na desturi ya kuuchukua kila ukimya hivyo.

Siku ya pili ilikuwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Bi Ishrat aliwaomba kila mmoja achague kitu kimoja tu na kukitazama kwa nusu saa, asifanye kingine. Nusu saa! Khalidi alitazama simu. Nurudin alitazama ngoma moja ya watemi kiasi cha kutosha kujua kwamba ni ngoma, kisha akaenda kukaa garini. Kupitia dirishani aliweza kumwona Teodora akiwa amechuchumaa mbele ya ngoma ileile, akimwuliza mtunzaji ni vigingi gani vya zamani na ni vipi vilibadilishwa, kana kwamba anataka kuinunua.

Wakati wa kurudi, fundi akaona awape somo bure. "Mchoraji wa kweli ana vitu kichwani," alisema kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Anayehitaji kutazama ni yule asiyejua." Hakuna aliyejibu. Akaridhika kwamba wameelewa.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Igogo kwenyewe, ufukweni, kwenye meza za samaki. Hapo Nurudin aliona dharau imevuka mpaka. Aonyeshwe Igogo, yeye! Akawaacha wenzake kwa akina mama, akaenda zake kwa Modesta, mama ntilie wa jirani, akaagiza chai. Juu ya mlango wa kibanda cha Modesta kulikuwa na kazi yake mwenyewe: SATO KWA UGALI, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu, na chini ya herufi samaki mnene wa rangi ya fedha. Alimtazama yule samaki, akajisikia vizuri.

Alipomaliza chai alifungua mfuko, akatoa kigezo. Kilikuwa kipande cha bati kilichokatwa umbo la samaki, kingo zake zimelainika kwa miaka. Baba yake ndiye aliyekikata. Mzee alikuja na treni kutoka Tanga akiwa na brashi tatu na majivuno ya kutosha watu kumi, akaishi Mwanza hadi kufa kwake bila kuacha kuliita ziwa dimbwi. Sato hakumtia kinywani. Alisema ananuka tope. Lakini hela za mabango ya sato alizipokea, na kigezo alimwachia mwanawe.

Nurudin alilaza bati kwenye ubao, akazungusha chaki, akajaza rangi. Chai ya pili haijapoa, samaki alikuwa tayari, magamba yakimeta, mkia umepasuka katikati kama mkasi uliofunguliwa. Akamwekea na herufi: KARIBU IGOGO, SATO WA ZIWA. Herufi zile, kwa kweli, hakuna mtu Mwanza ambaye angeweza kuzifikia.

Aliporudi ufukweni jua lilikuwa limepita utosini. Khalidi alikuwa amelala kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Teodora alikuwa amekaa kwenye maji ya samaki, sketi imelowa, sato mzima mapajani, akimgeuza huku na huku na kumfungua mapezi kwa vidole. Wanawake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja akimwelekeza.

"Unachora au unamchumbia?" Nurudin alimwuliza, na akafurahi kusikia mtu mmoja amecheka.

Asubuhi iliyofuata mbao tatu ziliegemezwa kwenye ule ukuta mweupe. Bernadeta, mwenyekiti wa wauza samaki, mama wa kifua kipana na khanga mbili kiunoni, alitangulia mbele na wenzake wakamfuata. Ubao wa Khalidi ulikuwa na jiwe, jua linalotua, na twiga.

"Huyu twiga amekuja kununua nini?" Bernadeta aliuliza, wakapita.

Kwenye ubao wa Nurudin walisimama. Fundi akapandisha mabega. Mama mmoja alisoma herufi kwa sauti, taratibu, akasema zinapendeza. Kisha mtu akakohoa kicheko. Bernadeta hakucheka. Alikwenda mezani, akachukua sato mbichi, akarudi naye na kumlaza juu ya kreti chini ya mchoro. Akautandaza mkia wake kwa vidole viwili.

Mkia haukuwa umepasuka. Ulikuwa mpana, mwisho wake umenyooka kama brashi ya inchi mbili, na ulikuwa na mistari myembamba iliyosimama wima kuanzia juu hadi chini.

"Wako ni samaki wa baharini, fundi," Bernadeta alisema. "Changu. Mdogo wangu ameolewa Tanga, nimewala sana nilipokwenda. Watamu. Lakini huku hatuna."

Nurudin alimtazama samaki wa kwenye kreti, akamtazama wa ubaoni. Alikuwa amekula sato karibu kila wiki ya maisha yake, na asingeweza kuapa kwamba aliwahi kuuona mkia ule. Akawaza vibanda vyote alivyochora, kutoka Igogo hadi Kirumba, hadi Usagara njiapanda, kila kimoja kimeandikwa sato na kubeba samaki wa Tanga. Mzee hakupenda kulitazama dimbwi, naye mwana hakupenda kutazama chochote.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza.

"Tangu uliponichorea meza yangu ya kwanza. Nilikwambia, fundi, mkia haukukaa sawa. Unakumbuka ulinijibuje?"

Alikumbuka. Hakuhitaji kuambiwa, na Bernadeta hakumwambia. Alichukua sato wake, akawaongoza wenzake kwenye ubao wa tatu.

Ubao wa Teodora haukuwa na rangi hata tone. Ulikuwa na sato kumi na mmoja wa penseli, wakubwa kwa wadogo, na mikono iliyowashika, na wanawake wakaanza kuchagua mikono: huu wangu, huu wa mama Chenge, tazama kidole kilivyokatika. Hawakuuliza tena swali. Ukuta ulikuwa umekwisha kutolewa kabla Bi Ishrat hajafungua mdomo.

Teodora alimkuta fundi akifunga mfuko. "Fundi, mimi herufi siziwezi," alisema. "Ningeomba uniandikie."

Alikuwa anamaanisha, na hilo lilimchoma kuliko kama angemcheka. "Nitafikiria," alijibu, akaondoka.

Kwa Modesta alisimama nje, chini ya samaki wake mwenyewe, kwa muda mrefu hata mama wa watu akatoka na mwiko mkononi.

"Fundi, karibu. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Modesta, huyu ni sato?"

Modesta akainua macho kwenye bango ambalo alikuwa akipita chini yake kwa miaka tisa. Alilitazama kidogo, akapandisha bega moja.

"Si umeandika sato? Watu wanasoma, wanaingia. Huyo samaki nani anamwangalia, fundi?"

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Nurudin aliingia, akaketi, akaweka mfuko chini ya meza.

"Nipe sato," alisema. "Mlete mzima. Usimkate mkia."