Msiba wa Laini ya Nane

Jumatatu asubuhi, katika kiwanda cha jinzi kule Maseru, Lesotho, Nthati alivua blanketi alilojitanda, akalikunja, akaliweka chini ya kiti na kuanza kushona zipu. Alikuwa amemzika mwanawe mchanga, Tumelo. Kiwanda kilimpa ruhusa ya siku ya maziko, nayo iliangukia Jumamosi, siku ambayo laini yake ya ushonaji haifanyi kazi.

Keneuoe, msimamizi wa laini ile ya nane, alipita nyuma yake akamgusa bega. Meneja alikuwa safarini. Akirudi, Keneuoe angekwenda kumwombea mama yule likizo.

Kabla ya chai, 'Malineo, anayeshona mifuko kando ya Nthati, alianza kulia. Macho ya Nthati yalikuwa makavu.

"Machozi haya si yangu," 'Malineo alisema, akijifuta kwa kiwiko. "Ni ya huyu." Akaendelea kushona.

Punde maziwa yakalowesha blauzi ya 'M'e Mpolokeng, mama mzee wa kushona vifungo, ambaye kitindamimba wake sasa ni askari. Aliomba kitambaa cha mabaki, akakitia kifuani. Keneuoe naye akahisi uzito kwenye mkono wa kushoto, uzito wa mtoto aliyelala. Akakunja kiwiko asije akamwangusha, na tangu hapo akawa anakagua nguo kwa mkono mmoja.

"Mimi msinitie humo," alisema Refiloe wa mapindo. "Tangu Pasaka sisemezani naye. Alinitangaza kwa watu kwamba nawinda waume za watu."

Kabla ya chakula cha mchana, wimbo wa kubembeleza mtoto ukamtoka Refiloe kinywani, na haukukoma.

"Hata sauti yenyewe si yangu," alinung'unika kati ya beti. "Mimi naimba vizuri kuliko hivi."

Wanawake wakacheka. Nthati alitabasamu bila kuinua kichwa. Vyerehani havikusimama, na jioni laini ya nane ilitimiza lengo lake kama kawaida.

Alhamisi meneja alirudi. Keneuoe alimkuta ofisini akipasha mikono moto kwenye hita.

"Ntate Ramainoane, nimekuja kumwombea Nthati wiki moja. Akakae na msiba wake."

Meneja aliutazama ule mkono uliokunjwa. Habari alikuwa nazo. Akamvutia kiti.

"Kaa, 'M'e Keneuoe. Hakuchoshi huyo?"

"Ni mzito, Ntate."

"Pole sana. Sasa Nthati anaumwa?"

"Haumwi."

"Analia?"

"Anayelia ni 'Malineo."

"'Malineo kafiwa?"

"Hapana, Ntate."

"Basi mnanipa mtihani. Aliyefiwa halii, anayelia hakufiwa. Likizo nimpe nani?" Hakusema kwa kejeli. Sauti aliishusha, asimwamshe mtoto. "Lengo mmetimiza kila siku. Mna roho nzuri nyinyi, nami nitawasemea kwa wakubwa."

Kesho yake, wakati wa chakula, Keneuoe alikuwa ameketi juani nyuma ya ghala. Nthati akaja akachuchumaa mbele yake.

"Ausi, dada yangu, jana nimelala fofofo. Nikala ugali nikashiba. Leo nimeamka, nikajaribu kukumbuka Tumelo alikuwa akiliaje. Sikumbuki."

Keneuoe aliutazama mkono wake uliokunjwa.

"Mmenishika mkono, nashukuru, jamani. Lakini nirudishieni kidogo. Ni wangu."

Keneuoe alisogea akampa, akitanguliza kichwa, kama anavyopewa mtu mtoto aliyelala. Nthati alipokea. Mabega yakamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu makaburini akalia kwa sauti, kilio kikubwa. Refiloe alikuwa akipita na andazi mkononi, wimbo umemkatika ghafla. Alisimama, akalitanua blanketi lake kwa mikono miwili kati yao na madirisha ya ofisi, akawapa mgongo ili asitazame.

King'ora cha kurudi kazini kikalia.

"Bado," alisema Nthati. "Ausi, bado."

"Najua."

"Bado kidogo tu."

King'ora kilikoma. Wenzao walikuwa wakiingia, na mlango ungefungwa. Keneuoe alinyoosha mkono wa kushoto akampokea mtoto tena, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumlaza. Nthati akafuta uso, macho yakakauka, wakaingia. Refiloe alikuwa ameshaanza kuimba.

Wiki iliyofuata Ntate Ramainoane mwenyewe aliteremka hadi penye vyerehani, akimwongoza mwanamke aliyevaa nguo nyeusi za ujane.

"Anatoka laini ya tatu," alimwambia Keneuoe. "Mumewe kaletwa toka migodini, wamemzika juzi. Wakubwa wamefurahishwa sana nanyi. Kuanzia sasa kila anayefiwa ataletwa hapa, kazi isisimame."

"Na likizo, Ntate?"

"Likizo ya nini tena, 'M'e?" aliuliza kwa upole, akaondoka.

Keneuoe alimwonyesha mjane cherehani chake, karibu na meza ya vifungo. Mjane aliketi, akapitisha uzi kwenye sindano. 'M'e Mpolokeng alikuwa akijisugua magoti, yaliyoanza ghafla kugonga meza.

"Mumeo alikuwa mrefu?" aliuliza.

"Sana."

'M'e Mpolokeng akakisogeza kiti chake nyuma, apate nafasi ya miguu.