Saa Iliyochechemea

Baba yake dobi alipofariki, aliacha saa ya mkono ya kujaza, kuukuu, uso wake umegeuka rangi ya chai na kioo kimejaa mikwaruzo. Dobi ndiye aliyeirithi, lakini hakuivaa hata siku moja. Kutwa ilikuwa mkononi mwa mama yake, ambaye macho yalikuwa yamemzimika zamani. Mama akiiweka sikioni, uso ulimtulia. Msibani hakumwaga chozi, mpaka baadhi ya watu wakasema ana moyo wa jiwe. Kumbe kwake yeye mzee alikuwa bado yumo humo nyumbani, amejinyamazia tu kama kawaida yake.

Saa iliposimama, mama alisusa chakula.

Dobi akaipeleka kwa fundi saa aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka.

"Fundi, nakuomba usiing'arishe," alisema. "Kioo kiwe hichohicho, mkanda huohuo. Mama anaijua kwa vidole."

Fundi akacheka. "Wenzako huniletea saa za marehemu wakitaka zitoke kama zimezaliwa jana. Wewe unataka itoke na makunyanzi yake!"

Akafungua kifuniko cha nyuma, akainama na kioo chake cha kukuzia kikiwa jichoni. Mafuta ya ndani yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi.

"Na hii iliwahi kuanguka," akasema. "Kimhimili cha gurudumu hili kimepinda. Nikikiacha, itasimama tena."

"Kinyooshe basi. Hicho hakionekani."

Alipoifuata, dobi aliigeuzageuza asione kilichobadilika. Alirudi nyumbani moyo mweupe, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Vidole vikapapasa kioo, vikapita kwenye mkanda uliochakaa, vikatua pembeni palipobonyea. Mama akatabasamu. Kisha akaipeleka sikioni.

"Hii ya nani?"

"Ya baba, mama."

"Usinifanye mtoto. Ya baba yako inachechemea. Inapiga, inaburuta mguu, inapiga. Hii inatembea kama askari."

Dobi akaichukua, akaiweka sikioni mwake. Miaka yote ile alikuwa akiitazama tu ile saa, hakuwahi kuisikiliza.

Kesho yake alifika kwenye meza ya fundi kabla fundi hajapanga vifaa vyake. Alipomaliza kumweleza, fundi alivua kioo chake akakiweka mezani taratibu.

"Kukipinda naweza, ndugu yangu. Ila itachechemea kivingine. Ule mpindo wa kwanza sikuupima. Niliwaza kuuondoa tu."

Dobi akawaza mama yake akitegea sikio kilema cha kubuni, naye amekaa pembeni akiomba adanganyike. Akaichukua saa, akaaga.

Nyumbani alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akamwekea saa mapajani.

"Mama, ni ileile. Ilikuwa inaumwa, tukaitibu. Ule mwendo wake ndio uliokuwa ugonjwa."

"Na hautarudi?"

"Hautarudi. Nisamehe, mama."

Saa ilikuwa mapajani mwa mama, inakwenda sawasawa, haina kosa.

"Basi baba yako amekufa," akasema, kama mtu aliyeletewa habari dakika ileile.

Halafu akalia. Alilia kile kilio ambacho watu walikingoja msibani wakakikosa, cha kukata pumzi, huku anamwita mumewe kwa jina ambalo dobi hakuwahi kulisikia likitamkwa mbele ya watoto. Dobi akamkumbatia, lakini mama akawa mzito mikononi mwake, hashikiki.

Majirani wakaja mbio. Dobi akatoka mlangoni, macho mekundu.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

Dobi akageuka, akamtazama mama kule ndani.

"Baba," akajibu.

Wakatazamana. Jirani mmoja, mama wa makamo, hakuuliza zaidi. Alivua viatu, akapita ndani, akaketi sakafuni karibu na mjane.