Dume la Ratili Mia na Hamsini

Stesheni masta wa Igalula alikuwa amemchoka. Kila treni ya mizigo ikishapita, Raymundi alifika na dume lake la kondoo wa sufu, akalisukuma juu ya mizani ya magunia, na watu wakasogea kutazama mshale unavyopanda.

"Lichinje, shemeji," Kornel, kaka wa mkewe, alimwambia. "Tangu mwaka jana linafaa kuliwa."

"Likifika ratili mia na hamsini. Wewe endelea na vikondoo vyako vya mkia."

Vya Raymundi mwenyewe, vyenye mikia ya mafuta, alivyoachiwa na marehemu mama yake, alikuwa ameshavipeleka kwa wachinjaji wa Tabora. Kilibaki kimoja, jike changa. Hakuvionea huruma. Mbele ya hawa wa sufu wa kizungu, aliowanunua kwa mlowezi, vilionekana kama paka.

Siku ya wageni ikafika. Bernardo, baba wa kijana aliyemposa Katarina, binti wa Raymundi, alikuja kutoka Tura kwa njia ya zamani ya misafara. Kondoo wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, naye alitafuta mbegu mpya. Raymundi alikuwa ameapa moyoni kwamba mbegu hiyo itatoka zizini kwake. Dume, ratili zake zikiwa zimetimia, likachinjwa alfajiri.

Bernardo alitafuna. Akatafuna tena. Mwishowe akatoa kipande mdomoni, akakiweka kando ya sahani kwa adabu, kama mtu anayeweka mfupa. Hakikuwa na mfupa.

Raymundi akaonja mwenyewe. Nyama ilikuwa kama mkanda, na ilinuka sufu iliyonyeshewa. Jasho likamtoka. Uzito wote ule, na haimezeki.

Mkewe, Veneranda, akaingia na chungu kidogo, akakitua mbele yao. Nyama hii iliachia mfupa yenyewe, na mafuta yake yalikuwa matamu. Raymundi akapumua. Alidhani ni minofu laini ya dume lilelile.

"Mzee mwenzangu, hii ndiyo nyama," Bernardo alisema. "Ile ya kwanza sijui mliitoa wapi. Nipe mbegu ya huyu, dume na jike."

"Wamo zizini. Twende uchague."

"Baba Katarina, kaa kwanza," Veneranda alisema.

"Nikae nini? Mgeni anataka kondoo."

Walipozunguka nyumba, walimkuta Kornel akitandaza ngozi kwenye ua wa zizi. Ngozi ndogo, nyekundu, bado mbichi. Ndani ya zizi walisimama kondoo wa sufu watupu.

Raymundi akakitafuta kwa macho kile kikondoo cha mkia.

"Ulisema wageni wakija hutaki wakione," Veneranda alisema nyuma yake. "Na dume lako limechemka tangu asubuhi, halijalainika. Ningewapa nini?"

"Hata hilo la sufu lingelika, lingechinjwa likiwa dogo," Kornel alisema, bado ameinama. "Lisingekuwa kama hiki, lakini lingelika."

Bernardo aliwatazama wale wa sufu, akaigusa ngozi. "Ni huyu tuliyemla?"

"Ndiye."

"Na wenzake wako wapi?"

Raymundi alishika nguzo ya zizi. Ladha ya yale mafuta ilikuwa bado kwenye ulimi wake.

"Wameliwa Tabora," alisema. "Huyu ndiye alikuwa wa mwisho. Tumemmaliza sasa hivi, mimi na wewe."