Mpira Uani kwa Bi Mwanakombo

Albano sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa kijana wa mashati ya kunyooshwa na mdomo mtamu, anayemwita kila mtu "braza" au "sista" hata akiwa na umri wa mama yake. Shoga yangu Naima akaniambia, "Chausiku, una roho mbaya." Yeye na Albano walikuwa wakifanya kazi pamoja katika ofisi ya kuchapa barua hapa Temeke. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na Naima aliruhusiwa kuitumia jioni wateja wakiisha. Kwa kompyuta hiyo, mwaka wote wa tisini na sita, shoga yangu alitengeneza mchezo.

Mchezo wenyewe ni rede, ileile yetu ya utotoni: wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Msichana wa katikati alimchora kwa kuniangalia mimi, nukta moja moja, na miguu yangu ya matege akaiacha vilevile. Nilinuna, kisha nikafurahi, maana ni nani mwingine pale mtaani aliyekuwa anakimbia ndani ya kompyuta?

Tatizo lilikuwa moja. Mtu akiipata diski yako kwa muda wa kunywa chai, keshanakili kila kitu, na mchezo una wazazi wawili. Naima alilijua hilo, kwa hiyo akaweka kufuli.

"Kufuli gani?" nikamuuliza. "Mbona silioni?"

"Jaza chupa tatu, utaliona."

Nikajaza. Baada ya chupa ya tatu mpira uliruka ua ukaangukia uani kwa watu, na hapo akatokea Bi Mwanakombo. Ni yeye kabisa: miwani imefungwa kwa uzi, kanga begani, pengo la mbele. Mtaani kwetu kila aliyecheza rede anamjua. Mpira ukianguka uani kwake anaukalia. Ulie, usilie, umlete na mama yako, hautoki mpaka upige goti umwamkie, ndipo uombe. Yule wa kwenye skrini naye aliukalia, na hakuna maandishi yoyote yaliyosema mchezaji afanye nini. Vidole vyangu viliandika "shikamoo" kabla sijafikiri. "Marahaba, mjukuu wangu," skrini ikajibu, na mpira ukarudi.

"Atakayenunua nitamwambia kwa mdomo," Naima akasema. "Mwizi ataambiwa na nani?"

Ikaja habari ya Nasser. Nasser ana duka la redio na baiskeli, alilirithi kwa baba yake, naye baba alilirithi kwa babu. Aliagiza kompyuta kutoka Dubai ili watu waje kucheza kuanzia Idi, na alitaka mchezo mmoja wa hapa nyumbani uwe ndio wa kuvutia wateja. Jina la mtunzi lingechorwa kwenye ubao wa nje. Naima aliposikia habari ya ubao alishindwa hata kula. Baba yake hupita mbele ya duka lile kila siku akienda msikitini, na baba huyo alikuwa amekwisha kutamka kwamba kompyuta ni mashine ya kupofushia watoto wa watu. Naima alitaka baba ainue macho, asome jina la bintiye. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Tukaenda asubuhi, diski imeviringishwa kwenye leso. Dukani tulimkuta Bi Mwanakombo mwenyewe, amekaa kwenye benchi akisubiri betri za redio yake. Tukampigia goti, akaitikia, akatuuliza hali za nyumbani moja baada ya nyingine. Wasichana wa mtaani nao walikuwa wamejaa mlangoni kuzishangaa kompyuta.

Naima akatia diski. Mchezo ulipofunguka Nasser akakunja uso.

"Naima, mbona huu kaniletea Albano jana?"

Akatuonyesha. Wasichana wamebadilishwa rangi za magauni, nywele zimefupishwa, na mwanzoni kabisa limeandikwa jina la Albano. Mie alikuwa amenivalisha suruali, lakini matege yangu nitayatambua popote. Naima akashika meza. Akakumbuka siku aliyoiacha diski ndani ya mashine akaenda kuswali magharibi.

Albano akaingia wakati huohuo, anakuja kuchukua jibu lake. Alimpita Bi Mwanakombo kama anavyopita mfuko wa saruji.

"Vipi braza Nasser, mambo?" Akatuona. Hakushtuka hata kidogo. "Aa, sista Naima. Umeiga kazi yangu? Si ungeniomba tu."

Nilitaka kumrushia kitu. Naima akanishika mkono.

"Mie nitajuaje nani mkweli?" Nasser akauliza, na kwa kweli alikuwa katika taabu. "Wote mnasema wangu."

"Acheze," Naima akasema. "Mwenye mchezo si anaujua? Aende mpaka mwisho."

Albano akakaa mbele ya ule wenye jina lake. Chupa ya kwanza ilimpa shida, ya pili ikampa shida zaidi, na ikanijia akilini kwamba huyu mtu hajawahi kufika mbali. Alipaka rangi alivyoviona, basi. Ya tatu akaijaza kwa bahati. Mpira ukaruka ua. Akatokea Bi Mwanakombo wa kwenye skrini, hajaguswa rangi wala kanga, akaukalia mpira.

Albano akabonyeza mishale yote. Akaandika "mpira". Akaandika "naomba". Akaandika "tafadhali", nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Bibi hakusogea. Wale wasichana mlangoni walikuwa karibu kulipuka. Mmoja alishafungua mdomo, nikamtolea macho, akaufunga kwa viganja vyote viwili.

"Imekwama," Albano akasema. "Kompyuta za Dubai hizi."

Naima akainama juu ya bega lake, akaandika neno moja. Marahaba, mjukuu wangu. Mpira ukarudi uwanjani, na wasichana wakapiga vigelegele mpaka Nasser akaziba masikio huku anacheka. Mimi nililia, sioni haya kusema.

"Albano," Nasser akasema, "kachukue diski yako."

Basi ndipo Bi Mwanakombo akainuka kwenye benchi, akaja taratibu mpaka mbele ya skrini, akaweka sawa miwani yake.

"Huyo ni mie?"

Nasser akampisha aone vizuri.

"Huyu kijana kakuibia mchezo, nimeona," akamwambia Naima. "Na wewe sura yangu ulimwomba nani?"

Mwaka mzima wa kuhangaika na kufuli, na hili halikumpitia Naima kichwani. Akapiga goti palepale sakafuni. "Nisamehe, bibi. Sikuomba."

"Ningekukatalia?"

"Sijui, bibi."

"Na mie sijui. Ngoja kwanza nione huyo mtu anafanya nini humo ndani."

Akakaa, Naima akamrudishia mchezo pale chupa ya tatu inapojaa, akamwonyesha pa kubonyeza ili kurusha mpira. Alirusha kwa nguvu zote, kama mtu mwenye deni la utotoni, na mpira ukaruka ua mara moja. Bi Mwanakombo wa ndani akaukalia. Bi Mwanakombo wa nje akamtazama.

"Andika shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Nimwamkie huyu? Ana umri gani?"

Hakuandika. Wakakodoleana macho, miwani kwa miwani, na hakuna aliyekuwa tayari kuanza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Albano, aliyekuwa ananyemelea mlango, alijikuta lazima apite mbele yake. Akasimama.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kumbe unaijua." Kisha, bila kugeuka, "Naima, sura nimekupa. Ila huyu wa humo ndani mfundishe aniamkie mie kwanza."

Idi ilipofika ubao ulikuwa juu: REDE, MTUNZI NAIMA. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule kama alivyotaka bibi mwenyewe: SURA YA BI MWANAKOMBO, KWA RUHUSA YAKE. Baba yake Naima alisimama pale akasoma yote kwa sauti, akavua kofia, akasoma tena. Halafu akaingia dukani kuuliza na yeye anaweza kukaa wapi acheze.