Kinyozi Kwenye Kiti cha Mteja

Mimi ni kinyozi mwenye kipara. Wateja wamelicheka jambo hilo mpaka wamechoka, na mimi nilichoka kabla yao. Kutwa nasimama, shingo imeinama, mashine inanguruma mkononi, na kila anayeketi namfunga kitambaa shingoni na kumuuliza maneno yale yale: "Leo tunafanyaje? Nyumbani hawajambo?" Huwa hawajambo. Akiinuka namkung'uta nywele, namwita mwingine.

Jioni narudi nyumbani maneno yamekwisha. Mke wangu akiniuliza nina nini, nasema sina kitu, na si uongo, maana kitu chenyewe nimekitafuta sikukiona. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniudhi. Nimechoka tu, uchovu ule usiotoka kwa kulala.

Juma lililopita kitinda mimba wetu wa miaka minne, tunayemwita Pilipili, alinirukia mlangoni kama kawaida yake. Nikamfokea. Sikumgusa, lakini nilimfokea mpaka jirani akapunguza redio. Tangu siku hiyo nikiingia anajificha nyuma ya dada yake. "Atasahau," alisema mke wangu. Siku sita zikapita hajasahau, na mimi, mtu mzima na kipara changu, naona haya kumwomba radhi mtoto. Jambo hilo liliniuma kuliko mgongo wangu wa kusimama kutwa.

Jumatatu hatufungui. Shule zilikuwa zimefungwa, mke wangu kaenda kazini, nikaachiwa watoto. Nikajilaza kwenye kochi nikajifanya sipo. Wenyewe walikuwa sakafuni wakifumua sweta langu kuukuu na kubandika nyuzi zake juu ya kofia za magazeti, kwa gundi ya uji wa unga. Kuhusu sweta sikuulizwa. Unga ulikuwa umefika mpaka kwenye pazia.

"Baba," akaita dada mtu, wa miaka tisa, ambaye kwa kupenda kwake kupanga watu tunamwita Meneja. "Tunatengeneza nywele za bandia. Tumekosa kichwa."

"Tumieni mpira."

"Mpira hauna masikio, zitashuka. Na chako leo hakina kazi."

Nilitaka kukasirika, nikakosa hata nguvu za kukasirika. Nikaburuta miguu hadi kwenye kiti. Meneja akanifunga shuka shingoni kwa kibanio cha nguo, akanivika kofia ya gazeti. Uji ukanichuruzika nyuma ya sikio. Pilipili alimpa dada yake nyuzi kwa mkono ulionyooshwa, mwili wote kauvuta nyuma, kisha akakimbilia nyuma ya meza.

Walikuwa wanabandika ovyo ovyo, na mimi kazi ovyo siiwezi. "Anzeni kisogoni, mpande juu safu kwa safu," nikasema. "Za juu zitafunika gundi ya chini." Nikachukua nyuzi, nikazikata sawasawa, nikawaonyesha safu mbili. Nilipoanza ya tatu Meneja akanipiga kikofi mkononi.

"Mteja hashiki kazi." Halafu akakohoa, akatoa sauti nzito, sauti yangu kabisa. "Leo tunafanyaje, mzee?"

"Weka nyingi."

"Nyumbani hawajambo?"

Miaka kumi na minne nauliza swali hilo. Sikuwahi kuulizwa nikiwa nimekaa.

"Hawajambo," nikasema. Nikaona nimedanganya. "Watoto hawajambo. Baba yao ndiye mgumu kidogo siku hizi."

"Ana nini?"

"Amechoka. Hata yeye hajui kwa nini. Halafu anawamalizia watoto hasira."

"Wapo watu wa hivyo," akasema Meneja kwa uzoefu mkubwa, akaendelea kubandika.

Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya meza: "Mzee, na wewe huyo baba unamwogopa?"

Nilishukuru kwamba nilikuwa natazama ukuta.

"Namwogopa," nikasema. "Siku ile alipofoka mlangoni niliogopa sana. Yule mtoto hakukosa kitu. Aliyekosa ni baba."

"Amesema samahani?"

"Bado. Anaona haya."

Nikasikia miguu midogo. Pilipili akatoka, vidole vyote vimejaa uji, akanipanda magotini bila kuomba ruhusa. Akanibandika kipande cha uzi chini ya pua. Kikadondoka. Akakibandika tena, safari hii akakishikilia kwa kidole, macho yake karibu kabisa na yangu.

"Samahani, mwanangu," nikasema.

"Usiongee. Masharubu hayajakauka."

Nikanyamaza. Uji wa unga huchukua muda mrefu sana kukauka. Sikumwambia.